Kwa nini saa ya ukutani humkanganya mtoto wa Bahati

MTOTO wa madarasa ya chini huko Bahati, Kaunti ya Nakuru, hujifunza saa mara mbili. Nyumbani huambiwa kwamba lori la maziwa hupita saa moja asubuhi. Wakati huo, akrabu fupi ya saa ya ukutani huwa imeelekea 7. Shuleni, ambako vitabu vya Hisabati vimeandikwa kwa Kiingereza, tarakimu hiyo husomwa jinsi ilivyo. Asipoelezwa tofauti hiyo, huenda akaandika 1, akakosolewa, kisha akaamini kuwa hajui saa, ilhali hesabu yake ilikuwa sawa katika lugha ya nyumbani.

Chanzo ni jua. Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu kunapokucha na za usiku tangu jua linapotua. Kiingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Hesabu hizo hupishana kwa saa sita kamili. Bahati iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na jua huchomoza huko kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima. Hesabu ya aina hii isingefaa London, ambako jua huchomoza mwendo wa saa mbili asubuhi mwezi Desemba na kabla ya saa kumi na moja alfajiri mwezi Juni. Kikuyu, kinachozungumzwa na wengi Bahati, huhesabu kama Kiswahili, na neno lake thaa limetokana na saa.

Suluhisho limo katika uso wa saa wenyewe. Tarakimu inayokabiliana na ile inayoelekezwa na akrabu fupi ndiyo saa ya Kiswahili: 8 hukabiliana na 2, 9 na 3, 12 na 6. Mwalimu anayetengeneza saa ya katoni anaweza kuirefusha akrabu hiyo nyuma, aupake mkia wake rangi nyekundu. Kichwa husoma Kiingereza, mkia husoma Kiswahili. Akrabu ni neno la Kiarabu lenye maana ya nge, kwa hivyo mkia si jambo la ajabu.

Akrabu ndefu isiletwe mapema. Mtoto atumie ile fupi peke yake kwanza, aone kwamba haikai palepale kwa saa nzima ikangoja kuruka, bali husogea polepole; mkia ukiwa katikati ya 2 na 3, ni saa mbili unusu. Dakika zinapoletwa, aonywe kwamba hizo hazigeuzwi: robo ni robo katika lugha zote mbili.

Kasorobo huwatatiza wengi. Kwa Kiingereza, saa ikiwa 7:45, akrabu fupi hukaribia kugusa 8 na mtoto husoma 8:45. Kiswahili husema saa mbili kasorobo, kikitaja saa inayokaribiwa, yaani kile ambacho jicho linaona. Hapo ni afadhali kuanza na Kiswahili.

Kwenye simu hakuna mkia. Inapohesabu hadi 12, mtoto hutoa 6 katika tarakimu ya saa. Ikiwa haizidi 6, huongeza 6. Hivyo 4:00 ya alasiri ni saa kumi.