Ukikosoa picha ya ndege, taja na dawa yake

Siku hizi nyumba nyingi za mjini zina simu yenye kamera. Pamoja na picha za harusi na za watoto, wapo wenzetu wanaopiga picha za ndege wa uani: shore aliyekuja kudonoa papai, mnana anayesuka kiota mnazini, chozi anayenyonya maua. Ni kazi njema. Tatizo liko kwetu sisi tunaoonyeshwa. Wengi wetu tuna majibu mawili tu: "Safi sana," au "Hamna kitu hapa." La kwanza halimfundishi mtu. La pili linamfanya aache.

Kukosoa ni kazi yenye utaratibu wake. Katika vyumba vya habari nilivyopitia, mhariri mzuri hakuwa yule anayesema taarifa ni mbaya, akanyamaza. Alikuonyesha sentensi iliyolegea, akakueleza kwa nini imelegea, kisha akakurudishia uiandike upya. Picha nayo inataka mambo hayo matatu: kasoro ni ipi, imesababishwa na nini, na safari ijayo mtu afanyeje.

Tuchukue mfano wa chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Dume lake hung'aa kijani au zambarau, lakini katika picha nyingi hutoka jeusi tii. Mkosoaji mvivu atasema kamera ni mbovu. Mng'aro ule haufanani na rangi ya kitambaa. Hutokana na jinsi unyoya ulivyojengeka, nao hurudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Ukimtazama kwa pembe nyingine, hata kwa macho yako utamwona mweusi. Basi mwambie mwenzako hivi: "Ndege ametoka mweusi kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake. Kesho asubuhi, kabla ya saa tatu, simama jua likiwa mgongoni kwako." Hapo umempa kitu cha kwenda nacho.

Vivyo hivyo picha yenye ukungu. Usiseme tu kwamba haionekani vizuri. Tafuta ukungu umetoka wapi. Ikiwa tawi linaonekana sawasawa na ndege amevutika kama moshi, basi ndege ndiye aliyetikisika, na kamera inayokubali kupangwa iwekwe kwenye kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Ikiwa majani ya nyuma ndiyo yanayoonekana vizuri, kamera ililenga pasipo. Ailenge kwenye jicho la ndege, kwa kuwa hapo ndipo mtazamaji anapoangalia kwanza. Ikiwa kila kitu kimevutika, mkono ndio uliotikisika, aegemee ukuta. Na ikiwa ndege amejaa chengachenga, mpigaji aliivuta simu kupita uwezo wake. Afadhali aweke beseni la maji karibu na dirisha, akae ndani kimya, ndege waje wenyewe. Maji hayo yabadilishwe kila siku, tusije tukafuga mbu.

Sikwambii uyamwage yote hayo kwa mara moja. Kwanza muulize mpigaji alikuwa anataka kuonyesha nini. Taja jambo moja lililofanikiwa kweli, kisha kasoro moja, ile kubwa zaidi. Na kama ni mwanafunzi au kijana anayeanza, mwambie mkiwa wawili, si mbele ya kadamnasi.

Lipo jambo moja ambalo halingoji upole huo. Ni picha ya kiota. Utaonyeshwa makinda matatu, midomo wazi, jua limewapiga sawasawa, hakuna hata jani moja mbele yao. Watu watashangilia. Wewe uliza: majani yamekwenda wapi? Mara nyingi yamekatwa au yamesukumwa kando ili picha ipatikane. Majani hayo ndiyo yaliyokuwa mwavuli wa makinda dhidi ya jua, na ndiyo yaliyokuwa maficho yao. Mama yao naye hatarudi kuwalisha mpigaji akiwa amesimama pale.

Hapa Dar es Salaam hatari hiyo tunaijua kwa jina. Kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kula takataka. Leo amejaa mijini pwani nzima, na chakula chake ni pamoja na mayai na makinda ya ndege wengine. Kiota kilichofunuliwa kwa ajili ya picha kimefunuliwa kwa kunguru pia.

Kwa hiyo sifa zetu zina matokeo. Tukiipongeza picha ya namna hiyo, kesho vijana wengine watashika panga na kutafuta viota. Tukimweleza mwenye picha kwa adabu kwamba angengoja makinda yatoke, akawapiga wakilishwa tawini, tumemfundisha upigaji bora na tumewaacha ndege wakiwa hai.

Wiki hii mtu akikuletea picha ya ndege wa uani kwake, itazame kwa dakika nzima kabla ya kufungua kinywa. Kisha mwambie jambo moja analoweza kulifanya kesho asubuhi.