Karata Nzuri Si Karata ya Kufia: Busara ya Anayetangulia Kucheza

Kila askari aliyepata kutoka doria anajua kwamba anayetangulia kuvuka uwazi huonekana kabla yeye mwenyewe hajaona. Hata akiwa na bunduki nzuri na risasi za kutosha, yule aliyejificha upande wa pili ana jambo moja ambalo yeye hana, nalo ni habari. Katika makala haya tunataka kuueleza mchezo wa karata uitwao poka, hasa ile aina inayochezwa zaidi duniani na kupewa jina la jimbo la Texas huko Marekani. Mchezo huo unaifundisha kanuni hiyo ya uwazi kwa uwazi zaidi kuliko michezo mingine ya mezani.

Kwa wale wasioujua, mchezo wenyewe ni huu. Kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri. Kisha hufunuliwa karata tatu mezani kwa ajili ya wote, halafu ya nne, na mwisho ya tano. Kutokana na hizo saba, kila mmoja huchagua tano zilizo bora. Kabla ya kufunua na baada ya kila kufunua, wachezaji huweka madau, nayo hukusanywa katika fungu la katikati. Ikifika zamu yako na hakuna aliyeweka dau, waweza kuweka au kugonga meza tu, maana yake umepisha. Akiwa ameweka mwenzako, waweza kulipa, kupandisha au kutupa karata zako na kujitoa.

Sasa tuitazame zamu. Zile karata tatu zikishafunuliwa, wa kwanza kutenda ni aliye karibu zaidi kushoto kwa kiti cha mgawaji, na aliye katika kiti cha mgawaji hutenda wa mwisho. Utaratibu huo haubadiliki mpaka karata ya tano. Aliye wa kwanza atakuwa wa kwanza mara zote tatu, na kila mara atasema neno lake gizani, huku mwenzake akimsikiliza ndipo aamue. Hiyo ndiyo maana ya kukaa mahali pabaya.

Mtu mwenye karata mbovu mahali pabaya hana shida, kwa kuwa huzitupa akapumzika. Vilevile mwenye karata zisizoshindika hana shida. Anayepata taabu ni yule wa katikati, mwenye karata nzuri ambazo bado zaweza kushindwa. Tuchukue malkia wawili. Ni jozi ya kujivunia, kwani ni jozi ya wafalme na ya ree tu zilizo juu yake. Hata hivyo, katika michezo 100 ambayo umeshika malkia wawili, mfalme au ree atatokea katika zile karata tatu za mwanzo mara 41 hivi. Ukiwa na ghulamu wawili, karata iliyo juu yao itatokea mara 57 hivi. Hata jozi ya wafalme hutishwa na ree mara 23 hivi. Uzuri wa karata, basi, si kitu cha kudumu. Hubadilika kila karata inapofunuliwa.

Tutoe mfano kamili. Umeshika malkia wawili, nawe ndiwe wa kutangulia. Mpinzani mmoja yuko kiti cha mgawaji. Kila mmoja amekwisha kutoa kete 3, hivyo fungu lina kete 6. Mezani zimefunuliwa tisa ya kopa, sita ya kopa na mbili ya pau. Jozi yako ingali juu. Je, utende nini?

Mchezaji mwenye hamaki huweka kete 4, na mwenzake analipa. Fungu linakuwa 14. Karata ya nne ikifunuliwa anaweka 10, mwenzake analipa. Fungu linakuwa 34. Karata ya tano ikija anaweka 25, mwenzake analipa tena. Fungu linakuwa 84. Kwa madau matatu tu, fungu limekua mara 14, naye ametoa kete 42 kwa ajili ya jozi moja.

Mchezaji mwenye busara naye huweka zile 4 za kwanza. Tena ni lazima aziweke, kwa sababu mpinzani akiwa na kopa mbili, karata moja tu ijayo itamtimizia kopa tano mara 19 katika 100, na karata mbili zijazo mara 35. Kumwachia apite bure ni kumfungulia lango. Lakini karata ya nne ikiwa ya kutisha, tuseme mfalme au kopa ya tatu, yeye hugonga meza. Mpinzani naye akipisha, fungu hubaki 14. Karata ya tano ikija, huweka kete 7, au hugonga na kulipa dau la kiasi hicho akiwekewa. Fungu litafika 28, na hata akishindwa amepoteza kete 14, yaani theluthi moja ya hasara ya yule wa kwanza. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Huenda msomaji akauliza: mbona tuogope, ilhali jozi yetu ni nzuri? Jibu ni kwamba dau ni kama chujio. Dau dogo hulipwa na wengi: mwenye jozi ya kumi, mwenye tisa na ree, mwenye kusubiri kopa. Hao wote tunawashinda kwa sasa, nasi tunafurahi wakilipa. Dau kubwa la tatu huwafukuza wengi wao, na mara nyingi hubaki yule mwenye tatu za namba moja, mfululizo au kopa tano. Swali la kujiuliza kabla ya kusukuma kete, basi, ni hili: ni nani aliye dhaifu kuliko mimi atakayelipa? Ukimpata, weka. Kuna wachezaji wasiojua kutupa karata, na kwa hao ni haki kuweka zaidi. Usipompata, gonga meza. Kugonga si woga. Huliweka fungu katika kiasi unachokimudu, tena humpa mwenye geresha nafasi ya kutumia kete zake kwa uongo.

Mfano mashuhuri wa hatari hii ulionekana mwaka 1988 katika mashindano ya dunia ya poka huko Las Vegas, katika jumba la Binion's Horseshoe. Walibaki wawili: Johnny Chan, bingwa wa mwaka uliotangulia, na kijana Erik Seidel. Seidel alishika malkia na saba. Mezani zikafunuliwa malkia, kumi na nane, hivyo akapata jozi iliyo kubwa kuliko yoyote inayoweza kupatikana na karata za mezani. Chan alikuwa na ghulamu na tisa, kwa hiyo mfululizo wake ulikuwa umekwisha kutimia. Hakuonyesha dalili yoyote. Alilipa, akapisha, akangoja. Zikaja mbili, kisha sita, karata zisizobadili kitu. Mwishowe Seidel akasukuma kete zake zote kwa ajili ya ile jozi, na Chan akalipa mara moja. Mshindi alipata dola 700,000, wa pili dola 280,000. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Seidel hakukata tamaa. Alirudi mezani miaka mingi, na mwaka 2023 alitwaa bangili yake ya 10 ya mashindano hayo.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ndilo gumu kuliko yote. Ukiwa umetangulia kuweka dau, na mpinzani aliyekaa kimya muda wote akapandisha ghafla kwa dau kubwa mwishoni, zitupe karata zako, hata kama ni malkia. Ile kete 1 au 40 uliyokwisha kuitoa si yako tena. Ni ya fungu. Wengi huendelea kulipa kwa kuwa wanaona uchungu kuziacha kete hizo, hali kila kete mpya ni uamuzi mpya. Kikosi kinachoondoka kwa utaratibu kutoka kilima kisichoweza kushikwa hubaki kikosi, na kesho kitapigana mahali kilipopachagua chenyewe. Katika poka, kesho hiyo iko karibu sana, kwa sababu kiti cha mgawaji huzunguka meza nzima. Baada ya muda mfupi wewe ndiwe utakayekuwa wa mwisho kusema, na mwenzako ndiye atakayevuka uwazi.

Kwa wenzetu wa kambini na vituoni tunashauri mchezo huu uchezwe kwa punje za mahindi au njiti za kiberiti. Mshahara wa askari una wenyewe nyumbani, na adabu ya kutupa karata nzuri hujifunzwa vilevile kwa punje kama kwa shilingi.