"Fast" ni Aina Gani ya Neno?

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Makole, Dodoma, akiulizwa aina za maneno atazimwaga bila kusita: nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na nyinginezo. Mpe sasa sentensi ya Kiingereza, pigia mstari neno moja, uone kigugumizi. Si kwamba hakusoma. Amezoea lugha inayoyavalisha maneno sare: "wamefunga" ina wa- na -me-, ni kitenzi, "mfungo" ni nomino. Kiingereza humwachia "fast" lilelile kwa kazi zote mbili.

Hata hivyo, Kiswahili nacho kina vichomi vyake. "Kimbia haraka": hapo ni kielezi. "Haraka haraka haina baraka": ile -i- ya "haina" ni upatanisho, na anayepatanishwa na kitenzi ni nomino. Mtoto huyuhuyu huelewa yote mawili bila kufundishwa.

Basi tulitembeze "fast". "The fast train reached Dodoma": limekaa kati ya "the" na "train", linaeleza treni ilivyo (tuseme ile ya SGR, iliyozinduliwa Agosti 1, 2024). Kivumishi. "The train runs fast": limehamia nyuma ya kitenzi, linaeleza mwendo. Kielezi. "Muslims fast in Ramadan": ukisimulia ya mwaka jana litakuwa "fasted". Kitenzi. "The fast ended at sunset": lina "the" mbele, na ndilo kiima cha "ended". Nomino. Anayeuliza aina ya "fast" bila kutoa sentensi hajauliza swali, hata akiwa mtunga mtihani.

Ile kanuni kwamba kila kinachoishia -ly ni kielezi ningeifuta ubaoni leo. "A friendly teacher" inatosha kuiangusha.

Kinachosumbua zaidi ni "water tank", lile tenki la uani. Wengi huandika kwamba "water" ni kivumishi kwa kuwa linaeleza tenki. Tanguliza "very": "very big tank" inasemeka, "very water tank" haisemeki. Mwanafunzi mkorofi atakujibu kwamba hata "very wooden door" haisemeki, na "wooden" ni kivumishi. Ana haki. Mpe kipimo cha pili: "the door is wooden" ni sentensi safi; "the tank is water" ni tenki lililogeuka maji. "Water" ni nomino, ila imeazimwa kueleza nomino mwenzake.