Sauti Iliyonaswa



Watu wengi vijijini hudhani kwamba mtu asemaye redioni ameketi saa ile ile mbele ya chombo. Mara nyingine ndivyo. Lakini mara nyingine amekwisha kusema tangu siku tatu, naye yuko shambani kwake anapalilia maharagwe, huku sauti yake ikifundisha watu wa Bukavu, Kabare na Walungu. Si uchawi, wala si uongo. Sauti yake ilinaswa. Leo twataka kueleza jinsi sauti inavyonaswa, na mambo yaliyozipata nyimba zetu tangu chombo hicho kilipotufikia.

Weka kidole kooni, kisha useme jina lako. Utasikia koo likitetemeka. Mtetemo huo huisukuma hewa, hewa huufikisha sikioni, na ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio hutetemeka vile vile. Mwaga mchanga mkavu kidogo juu ya ngoma, mwenzako apige ngoma nyingine kubwa karibu yake: mchanga utarukaruka, ingawa hakuna aliyeigusa ngoma ile ya kwanza. Basi, atakaye kunasa sauti hana budi kuuandika mtetemo.

Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville aliweza kuuandika mwaka 1857. Chombo chake kilichora mistari juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Lakini aliandika asiweze kusoma: mistari ilionekana kwa macho, haikusikika kwa masikio. (Mistari aliyoichora mwaka 1860 iligeuzwa kuwa sauti huko Marekani mwaka 2008, naye alikuwa kaburini tangu 1879.) Aliyefaulu kuirudisha sauti ni Mmarekani Thomas Edison, mwaka 1877. Alizungushia silinda karatasi ya bati, akasema kwa nguvu mbele ya ngozi nyembamba yenye sindano, na sindano ikachimba mfuo katika bati. Aliporudisha sindano mwanzo wa mfuo na kuzungusha tena, sindano iliitetemesha ngozi, na maneno yale yale yakatoka. Bati lile halikudumu. Likipitishwa mara chache liliharibika. Mwaka 1887 Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliuandika mfuo juu ya sahani bapa. Kwa sahani moja aliweza kufanya kalibu, na kalibu moja ikatoa sahani nyingi, kama kalibu ya matofali. Hizo ndizo santuri za gramafoni. Tangu hapo wimbo ukawa kitu cha kununuliwa dukani, pamoja na chumvi na sabuni.

Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, haukuzidi sana. Fikirini neno hilo. Kwetu wimbo wa arusi hauna dakika. Huendelea maadamu wachezaji wana miguu na pombe haijakwisha. Anayeongoza hutaja jina la huyu, humtania yule, na watu huitikia. Mwimbaji aliyeitwa mbele ya chombo alipaswa kuanza na kumaliza kabla sahani haijajaa. Leo vyombo vyaweza kunasa usiku kucha, na bado nyimba za redio nyingi ni fupi. Kipimo cha sahani kimebaki, ingawa sahani yenyewe imekwisha kutoweka.

Hata hivyo sahani ilitenda mema pia. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, akaimba kwa Kiswahili mbele ya chombo, na santuri zake zikasikika pwani yote, hata kwa watu wasioweza kamwe kuingia nyumba alimoimba. Huku Kongo, mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga gita huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Akamnasa. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na wimbo wake uitwao Masanga ulifika Kenya kabla yake mwenyewe. Wapiga gita wa kule walijifunza vidole vyake wasivyopata kuviona. Walirudisha sindano nyuma, wakasikiliza tena, na tena. Ndiyo shule ya ajabu: mwalimu hachoki wala hakasiriki. Ila hamwoni mwanafunzi akikosea.

Tena siku zizo hizo chombo kilifika hapa kwetu. Miaka ya 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam alikusanya nyimba za Bashi, na mwaka 1954 akachapisha maneno yake. Kati ya nyimba hizo upo mmoja wa wasichana waliofanya kazi katika shamba kubwa la Mzungu. Zamani walikuwa wakipewa mafuta pamoja na mshahara. Kisha mafuta yakakoma. Hawakuthubutu kumwambia mwenye shamba kwa maneno matupu. Waliimba, naye akiwa pale pale akisikia. Kila mzee wa Bushi anaelewa desturi hiyo: lisilosemeka huimbika. Basi angalieni. Chombo chaweza kunasa sauti za wasichana wale, kila neno na kila kiitikio. Hakinasi uso wa mwenye shamba. Anayesikiliza leo, asipoelezwa, atadhani ni wimbo wa kujifurahisha baada ya kazi.

Hapo ndipo tunapokumbuka Misa ya Kiluba, Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko Kamina kwaya ya wavulana pamoja na walimu wao. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini uimbaji ulikuwa wa wenyeji, na sehemu nyingine zilifuata kasala ya Waluba. Mwanzoni haikuandikwa kwa noti. Waimbaji walijua njia, wakatembea humo kwa hiari yao, wakiongeza na kupunguza. Mwaka 1958 ikanaswa na kampuni ya Philips, na santuri ikazunguka dunia. Mwaka 1968 Sanctus yake ilisikika hata katika filamu ya Uingereza iitwayo If.... Baadaye noti ziliandikwa, na kwaya za Ulaya zikajifunza. Lakini zilijifunza uimbaji wa siku moja. Kile ambacho wavulana wa Kamina wangaliweza kukigeuza Jumapili iliyofuata, wengine walikishika kama sheria.

Na mwaka ule ule wa 1958, tarehe 3 Septemba, siku za mwisho za Papa Pio XII, Roma ilitoa hati juu ya muziki mtakatifu. Ilikataza gramafoni na vinasa sauti wakati wa ibada, hata kama vinatoa nyimba takatifu, visije vikashika nafasi ya waimbaji. Iliruhusu vyombo hivyo vitumike kufundisha watu dini na nyimba. Sisi makatekista twaiona busara hiyo kuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa siku zile. Maana leo tunaona simu ikiwekwa mbele ya kipaza sauti kwenye matanga, kwaya ya mji wa mbali inalia humo, na wafiwa wamenyamaza. Mashine haijafiwa na mtu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitaka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa kwa majimbo ya Zaire. Misa hiyo hutaka watu waitikie kwa vinywa vyao.

Je, tuache kunasa? La. Nyimba za Uele alizozinasa Armand Hutereau kwa silinda za nta miaka ya 1911 na 1912 zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Waliomwimbia wamekufa wote, na bila nta ile tusingekuwa nazo. Lakini mjukuu wao ahitaji ndege ili akaone mahali zinapokaa. Ninyi mna simu mfukoni. Akiwapo mzee apigaye lulanga, mwombeni ruhusa, mnase. Kabla hajaanza, semeni ndani ya chombo jina lake, kijiji chake, tarehe, wimbo huimbwa lini, na nani hutakiwa kuusikia. Wekeni nakala kwa mtu wa pili, maana simu huanguka majini. Kisha fungeni chombo, mwombeni aimbe tena, na safari hii mwitikie.