Weusi wa Picha Hautokani na Wino Mweusi Pekee

Katika nyumba yetu ilibaki picha moja tu ya marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu: nyeusi na nyeupe, amesimama mlangoni pa chuo, pembe zake zimeliwa na mende. Jamaa walipokusanyika kwa Idi, nilikusudia kila ndugu arudi kwake na nakala. Nikaiskani, nikanunua karatasi za kung'aa na, kwa kuchelea kupoteza wino wa rangi, nikaiamuru printa itumie wino mweusi peke yake. Picha ikatoka nzuri. Nilipoishika, kidole gumba kikapita usoni mwa baba, na uso ukafutika.

Mpwa wangu akatabasamu. "Mjomba, niwie radhi. Umeiambia mashine kwamba karatasi hii ni ya kawaida."

Ndugu msomaji, kosa hili ni la wengi. Katika printa nyingi za nyumbani, wino mweusi una chembechembe zisizoyeyuka, nao umekusudiwa maandishi. Karatasi ya kawaida huzishika chembe hizo katika nyuzi zake. Karatasi ya kung'aa imepakwa tabaka laini. Maji ya wino hunyweka, chembe zikabaki juu, na mkono ukipita huzifuta.

Basi, jambo la kwanza ni kufungua mipangilio ya printa na kuchagua aina ya karatasi: ya picha, yenye kung'aa. Hapo printa nyingi huuacha wino ule wa maandishi, zikachanganya samawati, majenta na manjano hadi upatikane weusi na kijivu. La pili, chagua uchapaji wa rangi ya kijivu, wala usichague wino mweusi pekee. La tatu, weka ubora wa juu, na hakikisha upande unaong'aa ndio unaopokea wino.

Kwa kuwa weusi huo ni mchanganyiko, huenda picha ikaelekea kijani au uwekundu. Chapa kwanza kipande kidogo, kiache kikauke, kisha kitazame kwa mwanga wa mchana. Ukiona ukijani, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe katika kompyuta yenyewe, ichape kwa mpangilio wa rangi, na uongeze majenta hatua moja moja. Printa maalumu za picha, zilizo na wino wa kijivu, huwa na taabu hii kwa uchache.

Tahadhari moja: karatasi ya kung'aa iliyotengenezewa printa za wino usiitie katika mashine ya leza. Joto lake laweza kuliyeyusha lile tabaka na kuiharibu mashine.

Nakala zetu tulizitandaza mezani usiku kucha, hakuna iliyolalia mwenzake. Asubuhi tulizishika kwa kingo, tukagawana. Uso wa baba ulikuwa mahali pake.