Laptopu: mbele ya kulipa, angalia viini, kasi na joto

Mama mmoja wa kata ya Majengo, hapa Goma, alikuja kwenye redio na karatasi mkononi. Mtoto wake amemaliza Exetat na anaenda kuanza chuo kikuu. Zamu yake ya likelemba imefika, pesa iko. Kwenye duka moja walimuonyesha laptopu mbili za bei moja, zote za okazio, zile zilizotumika kwanza Ulaya ao Dubai kisha zikafika kwetu.

"Mama, chukua hii, iko i7. Ile ingine ni i5 tu," muuzaji alimuambia. Tena akamuonyesha namba: i7 iko na gigahezi 2,6, i5 iko na 1,6.

"Namba zote kubwa ziko fasi moja," mama aliniambia. "Sasa niulize nini tena? Mwanangu, wewe unajua hizi vitu, unisaidie."

Kwenye karatasi kulikuwa majina mawili: Intel Core i7-6600U na Intel Core i5-8250U. Nilimuambia achukue ya i5. Aliniangalia kama mtu aliyedanganywa mara ya pili siku ile, na sikumlaumu. Kila kitu alichoonyeshwa kilikuwa kweli, na bado kilikuwa kinamupeleka kwenye mashini mbaya.

Prosesa njo inafanya hesabu zote ndani ya mashini. Ndani yake kuna viini, na kama Windows yako ni ya Kifaransa utaona wanaviita "Cœurs". Kila kiini kinaweza kushika kazi yake pekee. Kasi inapimwa kwa gigahezi, ile GHz inayoandikwa kwenye matangazo: gigahezi moja ni mapigo miliari moja kwa sekunde.

Fikiri una mizigo minane ya mashu ya kutoa Kibumba na kuleta mjini. Chukudu moja yenye mbio itaenda na kurudi mara nyingi. Chukudu nne, hata kama kila moja inaenda polepole kidogo, zitamaliza mapema. Lakini kama una mbao moja ndefu ya kupeleka, chukudu nne hazisaidii kitu. Kijana mmoja atasukuma, wale watatu watamutazama.

Kompyuta iko hivyohivyo. Kuna kazi zinazogawanyika: kutoa video iliyokwisha kukatwa, kufuata masomo kwa Zoom na huku kivinjari kimefungua kurasa kumi na mbili, na antivirusi inapekua kwa nyuma. Hapo viini vingi vinasaidia sana. Kuna kazi zisizogawanyika, kama kuandika travay kwenye Word. Hata sisi watu wa redio, tukisafisha sauti kwa Audacity, sehemu kubwa ya kazi inabebwa na kiini kimoja. Hapo kasi ya kiini kimoja njo inahesabika.

Sasa mtu atauliza: kwa nini wasitengeneze viini vingi vyenye kasi kubwa sana, tumalize mabishano? Ni juu ya joto. Ukitaka kiini kiende mbio zaidi, unalazimika pia kukiongezea nguvu ya umeme, na joto linapanda haraka kuliko kasi yenyewe. Intel walijifunza hilo kwa gharama. Pentium 4 yao ilifika gigahezi 3,8 na ilikuwa inakula karibu wati 115. Walikuwa wametangaza ya gigahezi 4, lakini mwezi wa kumi 2004 wakaiacha. Mwaka uliofuata, 2005, wakaanza kuuza prosesa za viini viwili. Toka hapo, kila prosesa unayonunua ni mapatano kati ya viini, kasi na joto.

Kwenye laptopu mapatano hayo ni magumu zaidi, juu kila kitu kimebanwa kwenye kisanduku kembamba chenye feni ndogo. Ndiyo maana prosesa ina kasi mbili. Ya kwanza ni kasi ya msingi, ile inayoweza kushikilia muda mrefu ikiwa imepozwa vizuri. Ya pili ni kasi ya juu, wanaiita turbo: inapanda pale kwa muda mfupi, kama kijana wa chukudu anayekimbia mita mia moja kwenye mlima kisha anasimama kuhema. Muuzaji akikuambia "hii inafika 4,2", muulize inafika pale kwa dakika ngapi.

Turudi kwa karatasi ya mama. Ile i7-6600U ni ya mwaka 2015 na iko na viini viwili tu. Kasi ya msingi 2,6, ya juu 3,4. Ile i5-8250U ni ya 2017, iko na viini vine. Kasi ya msingi 1,6, ya juu 3,4. Zote mbili zimetengenezewa joto la wati 15. Unaona sasa? Kwa ile mbao moja ndefu, ni kusema kazi ya kiini kimoja, zote zinafika 3,4 na huwezi kuona tofauti kubwa. Kwa mizigo minane, ya i5 iko na chukudu mara mbili. Ile namba 1,6 inaonekana ndogo juu wati 15 zilezile zinagawanywa kwa viini vine pahali pa viwili. Ni kweli kwamba vikifanya kazi vyote pamoja kwa muda mrefu haviwezi kushika 3,4, vitashuka. Lakini vine vinavyoshuka bado vinapita viwili.

Kuna sababu ingine, na kwa mtoto anayeanza miaka mingi ya masomo hii ni kubwa. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel Core, inakubali rasmi prosesa kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana. Kizazi unakisoma kwenye namba inayofuata ule mstari mdogo: i5-8250U ni kizazi cha nane, i7-6600U ni cha sita. Kuna mafundi wanaoingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashini za zamani, na mara nyingi inatembea, lakini Microsoft haikuahidi kitu hapo.

Ile i3, i5, i7 inakupa daraja la prosesa ndani ya kizazi chake, haitoshi kupima vizazi viwili. Herufi ya mwisho ndiyo watu wengi wanairuka, na kwangu mimi njo ya muhimu zaidi hapa kwetu. U ni prosesa ya wati 15 kwa kawaida. H ao HQ ni ya wati 45.

Hii niliijua kwa mfuko wangu. Miaka ya nyuma nilinunua mashini kubwa yenye prosesa ya HQ, viini vine, nzito kama tofali. Dukani ilipepea. Nikaifikisha nyumbani, fasi tunatumia paneli moja ya jua, batri moja na inverta ndogo. Sharjeri yake ilikuwa ya wati 150. Mara ya kwanza nimeanza kazi ya kweli, inverta ikalia, ikakata. Batri ya mashini yenyewe ilikuwa imezeeka, ikashika dakika chache, na mahojiano ya saa moja yakaenda nayo. Muuzaji alisema kosa ni inverta yangu. Hakuwa amedanganya, ila hakuna aliyeniuliza mbele ya kulipa kama nyumbani nina umeme gani.

Fanya hesabu. Batri ya jua ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1.200 kwenye karatasi, na kama ni ya risasi haifai kuimaliza kupita nusu, basi hesabu 600. Laptopu ya U kwenye kazi ya kawaida, skrini na vyote, tuseme inakula wati 25: unapata karibu saa 24. Ile kubwa ikikaza kazi kwa wati 80, saa saba na nusu. Inverta nayo inakula yake. Kama unakata video kila siku na uko na umeme wa kudumu, chukua ya H, utaipenda. Mwanafunzi anayechaji kwa jirani aiache.

Halafu kuna zile mpya za karatoni, zenye plastiki bado kwenye skrini. Watu wanazipenda juu ya ule upya. Nyingi za bei ya chini zina Celeron N4020: viini viwili, kasi ya msingi 1,1, joto la wati 6 tu. Hazilii, batri inadumu, na kwa kuandika zinatosha. Lakini fungua kurasa sita na somo la video juu yake, utasubiri. Mimi, kwa pesa ileile, ningechukua okazio ya kizazi cha nane. Angalia pia isiwe na RAM ya GB 4 na disko ya zamani ya kuzunguka, juu hapo hata prosesa nzuri itakaa inangoja.

Joto sasa. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina mpaka wa digrii 100. Zikikaribia pale zinajipunguza kasi zenyewe, na kama joto halishuki mashini inazima. Sisi wa Goma tuko karibu mita 1.500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na feni inasukuma hewa yenye kubeba joto kidogo zaidi. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni vumbi, hili letu jeusi la mawe ya volkano, linaloingia hadi ndani ya makabati. Linaziba ile chuma ya kupozea nyuma ya feni. Ile pati inayopakwa kati ya prosesa na chuma nayo inakauka kwa miaka. Mashini ya okazio ikiwa imezibwa hivyo, viini vine na kasi 3,4 vinabaki maneno ya kwenye karatasi.

Kwa hiyo nilimuambia mama ampeleke kijana wake dukani na kle USB yenye 7-Zip, programu ndogo ya bure. Wafungue "Gestionnaire des tâches" kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, waende kwenye "Performances". Pale wataona jina la prosesa, "Cœurs" ngapi, na "Vitesse de base". Kisha kwenye 7-Zip, menyu ya "Outils", waanzishe kipimo chake cha nguvu. Kinakamata viini vyote. Waache dakika kumi huku wanaangalia "Vitesse". Kasi kushuka kutoka turbo ni kawaida. Ikishuka chini ya kasi ya msingi na kukaa pale, joto halitoki: muuzaji aisafishe na kubadilisha pati, ao bei ishuke.

Duka la kwanza walikataa jaribio, walisema inaharibu mashini. Haiharibu. Mama akatoka. Duka la pili walikubali, ya i5-8250U ikasimama kwenye 2,1 baada ya dakika kumi, juu ya ile 1,6 ya msingi, akalipa. Nilimuonya kijana asiiweke juu ya kitanda wala juu ya kikwembe, juu matundu ya hewa yako kwa chini. Ameiinua nyuma kwa vizibo viwili vya chupa.