Maktaba za Kale Baada ya Kupandisha Toleo la Debian: Hali ya Seva za Mbulu na Hanang

Katika Debian, kuondoa kifurushi huacha faili zake za usanidi chini ya /etc, na dpkg hukipa alama ya rc. Mabaki hayo hula nafasi ndogo tu. Si hoja kubwa. Hatari imo katika maktaba. Maktaba ikishabadilishwa, programu inayoendelea kufanya kazi hubaki na nakala ya kale iliyomo katika kumbukumbu mpaka ianzishwe upya. Ndivyo ilivyokuwa kwa Heartbleed, dosari ya OpenSSL iliyotangazwa Aprili 2014: seva iliyopokea marekebisho bila kuanzisha upya huduma zake ilibaki wazi vilevile.

Kosa la upande wa pili ni kufuta kupita kiasi. Debian 12, ya mwaka 2023, ilileta libssl3 mahali pa libssl1.1. Amri ya autoremove huitazama libssl1.1 kuwa haihitajiki, kwa kuwa dpkg haiijui programu iliyojengwa kwa mkono, tuseme ya kusajili wagonjwa katika zahanati. Programu hiyo haitawaka tena, na hazina ya toleo jipya haina libssl1.1. Huko Katesh au Dongobesh, seva inapotegemea bando la simu, kuitafuta kwingine ni gharama. Hivyo ldd iendeshwe kwanza juu ya kila programu ya namna hiyo, na nakala ya kifurushi cha kale iwekwe kando kabla ya kufuta.